Mwenye wazo la kupima udongo

Jumanne nilikuwa kwenye kaunta ya ofisi ya kilimo hapa Kamina, nikingoja mhuri, alipoingia katibu wa chama cha wataalamu wa udongo. Marehemu mke wangu alikuwa mwanachama. Kwa miaka mingi chama kimeomba mashamba ya Kabongo yapimwe udongo kabla Serikali haijagawa mbolea, na kila mara kimejibiwa kwamba Serikali ndiyo inayopanga.

Safari hii katibu hakuomba kitu. Aliinama kidogo, mikono nyuma.

"Chef, tunakuya kukushukuru. Ile mawazo yako ya kupima udongo iko muzuri sana."

Mkuu wa ofisi alikunja uso. "Mawazo yangu?"

"Njo yako, chef. Ulisema, 'Hatuwezi kulisha udongo yenye hatujue njaa yake.'"

Mkuu akaegemea kiti, uso ukamfunguka. "Ah! Njo vile. Miye nilisemaka kitambo. Baanze kupima mwezi hii!"

Sentensi ile ni ya mke wangu. Aliitunga kwenye meza yetu ya kulia, akaijaribu kwangu kwanza. Nilifungua mdomo niseme, katibu akanikanyaga mguu polepole.

"Achia, papa," alininong'oneza. "Ikikuwa yetu, itabakia mu kabati. Ikikuwa yake, itafanyika."

Mpaka leo sijui kama nilishuhudia ushindi au wizi. Mtu ambaye ningemuuliza jioni ile ndiye mwenye sentensi. Nadhani angecheka kwanza, kisha angekasirika.