Kibali Nilichokataa Kutoa

Waliniita mkaidi, na hawakukosea. Mama yangu aliniita hivyo kabla sijajua kusoma, sembuse kuandika programu za kompyuta.

Ofisi yetu iko ghorofani mjini Kakamega, juu ya duka la mabati na misumari, na sheria yetu kubwa ilikuwa moja: hakuna kazi inayotoka bila mtu wa pili kuisoma na kubonyeza kibali. Mtu huyo nilikuwa mimi. Wakati huo tulikuwa tunatengeneza programu ya chanjo ya kuku. Mwenye kuku anajisajili kwa simu, anasema anao wangapi, na programu inampangia mchanjaji siku ya kufika na dozi za kubeba. Chupa ya chanjo ikishafunguliwa lazima iishe siku hiyohiyo, kwa hivyo mchanjaji habebi ziada. Asiye kwenye orodha hapati. Na kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku, hakipigi hodi. Kikiingia bandani kinafagia.

Basi bosi akaleta akili unde. Lo! Kazi niliyokadiria wiki mbili, mashine iliimaliza kabla chai ya saa nne haijapoa. Ikaandika programu, ikaandika na majaribio ya kuipima, ikajipima, ikajipa alama zote. Skrini nzima kijani.

"Bonyeza, dada," bosi akasema. "Ijumaa tunazindua."

"Aliyetunga mtihani ndiye aliyeufanya, na ndiye aliyeusahihisha. Kesi ya nyani umempelekea ngedere."

Akacheka. Mimi sikucheka.

Siichukii mashine, naitumia mpaka leo. Kinachonikera ni kwamba siku hizi kila mtu katika kazi yetu anahubiri kasi. Kasi ya kufika wapi? Mashine haikujua lolote kuhusu kijijini kwetu Khayega, wala haikuuliza. Nikaketi nikaandika jaribio moja kwa mkono wangu: wanawake watatu, simu moja. Hao watatu niliwajua. Ni mama mdogo wangu, mke mwenzake, na jirani yao mjane. Simu yao hukaa kwa mjane kwa sababu yeye ndiye mwenye sola ya kuichaji. Nikaliendesha jaribio. Jekundu! Programu iliona nambari moja imeandikwa mara tatu, ikadhani ni mtu mmoja aliyekosea, ikambakisha mjane aliyejisajili mwisho na kuwafuta wenzake wawili.

Nikamwita bosi aone.

"Watu wangapi wako hivyo?" akauliza.

"Sijui. Na wewe hujui. Ndiyo maana sibonyezi."

"Tutarekebisha baada ya kuzindua."

"Kuku aliyekufa anarekebishwa?"

Akasema basi ataninyang'anya kibali. Nyang'anya, nikamwambia, lakini jina langu halitakuwa hapo. Na kweli alininyang'anya, akaipa mashine ijipitishe yenyewe. Ijumaa wakakata keki. Mimi sikuila.

Nilimpigia mama mdogo, nikamwambia yeye na mke mwenzake watafute kila mmoja simu nyingine, wajisajili upya.

"Simu gani tena, mwanangu? Sisi tunatumianga hii tu."

Nikamsajili yeye na mke mwenzake kwa nambari zangu mbili. Programu ikawapangia zamu ya mwezi uliofuata. Nikampigia mchanjaji, nikambembeleza, nikamfokea. Akaniambia yeye anafuata orodha. Siku ya mjane ilipofika alichanja kuku wake, akafunga kisanduku chake, akapanda boda boda akaenda. Mama mdogo alisimama pale na kuku wake kumi na saba kwenye matenga, amewakamata tangu alfajiri.

Kideri hakikungoja mwezi uliofuata. Kilifagia wake wote na wa mke mwenzake. Aliponieleza kwenye simu alikuwa analia, na mimi pia nililia, pale pale mezani pangu, mbele ya ofisi nzima. Waone tu!

Bosi akaja taratibu. "Haya, dada. Chukua kibali chako."

"Hapa sikitaki. Kipeleke Khayega unipe huko."

Nilidhani atanifuta kazi, na nilikuwa tayari. Lakini Jumamosi akaja, hilo sitamnyima. Mama mdogo alimkaribisha vizuri kabisa, akamnawisha mikono, akamtandikia kitambaa cheupe. Kwetu mgeni wa heshima hachinjiwi kuku kwa kubahatisha. Ni lazima, na mgeni mwanamume firigisi ni yake. Bosi ni mtu wa huku, hilo analijua tangu utotoni. Ikaletwa obusuma, ugali wetu wa moto, ikaletwa bakuli iliyofunikwa. Mama mdogo akaifunua. Mboga ya mrenda tupu.

Bosi akamweleza kuhusu kibali, kwamba kuanzia siku hiyo kimerudi kwangu, na kwamba jaribio la simu moja ndilo litakalotangulia mengine yote. Mama mdogo alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Nimesikia," akasema. "Nisamehe, mgeni wetu. Ningekuchinjia ingokho, lakini mashine yako ilisema mimi sipo."

Bosi akainamisha kichwa, akachovya tonge lake kwenye mrenda. Nami nikakaa mkabala naye, nikamtazama mpaka akamaliza sahani.