Resori za Lori kwa Arusi ya Ketsia

Félicien, mudogo wangu wa tumbo moja, anatengeneza malori hapa kwetu Mongbwalu toka ujana. Resori, zile vyuma vya kupinda vinavyobeba mugongo wa mutuka, anazijua kuliko sala. Dereva akilalamika, Félicien anaongeza chuma. Akilalamika tena, anaongeza ingine. Kutoa, hapana. Hajatoa chuma hata siku moja.

Huyu ndiye alijipatia kamutuka kekundu ka mbio, ka milango mbili, kafupi mpaka mbuzi inakaangalia toka juu. Mugreki mumoja alikaachaga mu nyasi zamani. Félicien akakatengeneza miaka tisa, na miaka yote ile alimwambia binti yake Ketsia:

"Siku ya ndoa, utafika kanisani na hii."

Ketsia akaamini. Akatangazia na wakwe.

Lakini barabara zetu munazijua. Siku ya kujaribu, kamutuka kakasugua tumbo kwa kila shimo. Wasichana wa mutaa wakauliza: "Papa Félicien, hiyo ni mutuka ao nyoka?"

Akakasirika. Akaweka nyuma resori za lori, vyuma saba kila upande.

Nikamwambia: "Resori ya lori inangoja muzigo. Bila muzigo itakurusha."

"Yaya," ndivyo anaita mimi dada yake mukubwa, "weye uza maharagi yako."

"Na hayo maharagi nimepanda malori miaka makumi tatu! Kwenda, juu ya magunia, ninasinzia. Kurudi, lori tupu, ninaruka kama mahindi mu kikaango. Matako yangu inajua resori kuliko mikono yako."

Akacheka.

Siku ya ndoa, kamutuka kaliinua mukia kama kuku anakunywa maji. Ketsia akaingia na kanzu yake nyeupe, baba yake akashika usukani. Shimo la kwanza, la pili, nikasikia kilio. Wakarudi: taji iko kwa sikio, voile, ile shela ya kufunika uso, iko mu kinywa.

"Papa, mi nitaenda na pikipiki," Ketsia akasema.

Félicien akasimama na ufunguo mukononi, miaka tisa yote usoni. Saa moja tu ilibakia ndoa ianze. Vyuma havitoki kwa saa moja. Akaangalia magunia yangu ya maharagi kwa baraza. Kisha akaniangalia mimi.

"Yaya... inaomba muzigo."

"Nani alisema?"

"Weye."

"Kwa sauti. Majirani hawajasikia."

"Ni weye ulisema, Yaya!"

Basi. Gunia moja likaingia nyuma, pale pa mizigo. Mimi nikaingia kwa kiti cha nyuma, kidogo kama cha watoto. Mi si mwanamuke mudogo, na sina haya. Nilipokaa, kamutuka kakashuka pole pole, kama mutu wa adabu anasalimia mukubwa.

Ketsia alifika bila kunjo hata moja. Vigelegele! Baba mukwe akapapasa mulango. Mimi kiti kilinishika, nikaimba nyimbo mbili za kwanza ningali ndani ya mutuka.

Vyuma? Hajatoa hata kimoja. Kila Siku ya Mungu anapiga honi kwa mulango wangu: "Yaya, twende kusali!" Anasema ni upendo. Ninajifunga kitenge changu kizuri, ninapanda. Uzito wangu ninaujua.