Kitambaa Nilichomfutia Jasho Mpiga Gitaa

Cheka ukitaka. Hata mchungaji wetu alicheka. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, tena si gizani: ilikuwa saa mbili jioni, jua la kiangazi cha Stockholm bado linachoma, na sikuwa nimeonja hata bia.

Kuna mzee mmoja, mpiga gitaa wa surf, ule muziki wa vijana wanaoteleza juu ya mawimbi. Kanda yake niliipata kwetu Uvira, Kongo, nikiwa kijana. Haina neno hata moja la kuimba, ni gitaa tupu linalotetemeka, nami niliikariri yote. Basi enzi zile tukingali tunanunua CD, nikasikia anakuja kupiga katika bustani moja mjini. Nikamchukua binti yangu Furaha, wa miaka kumi na mitatu, tukapanda treni kutoka mtaani kwetu Husby.

Furaha alikuwa amefika umri wa kunionea aibu. Nikimsemesha Kiswahili mbele za watu, ananijibu Kiswidi, tena kwa sauti ya chini. Liliniuma, sikufichi. Niliogopa nampoteza.

Mzee akapiga, niamini, akapiga. Kwetu mwanamuziki akikukosha hukai: unapanda jukwaani, unamfuta jasho, unashuka. Waswidi walikuwa wametulia tuli kwenye nyasi. Nikatoa kitambaa.

“Pappa, nej,” Furaha akanishika shati. “Snälla, sätt dig.”

Alikuwa ananisihi nikae. Nikapanda.

Nilimfuta paji la uso. Lilikuwa baridi, na kavu kabisa. Yeye akafumba macho, vidole vikaendelea na kazi. Kuangalia mkononi, kitambaa kinachuruzika maji mpaka kwenye kiwiko, na mchanga ndani. Mtu mkavu vile, maji yametoka wapi? Nilishuka kwa mwendo wa heshima.

Furaha akakipokea, akakigusa kwa ulimi.

“Ni chumvi, baba,” akasema, kwa Kiswahili, mbele za watu wote. Na bahari ya hapa tunaijua, haina chumvi hata ya kutia kwenye sombe, kisamvu chetu.

Nyumbani mke wangu hakutaka kukishika. “Ile kitu iko ya Mamba Muntu,” akasema, yule nguva wa ziwani kwetu. “Uitupe leo.”

Nilikataa. Hakijakauka mpaka leo. Kipo bafuni kwenye ndoo, na ndoo inajaa. Jirani wa chini analalamikia dari yake. Mafundi wamekuja mara tatu kupima mabomba, hawakuona tundu. Watu wakinibishia, Furaha, sasa mwanamke mzima, hunitangulia kujibu: “Baba hasemi uongo. Mimi nililamba.” Mji mzima huu, nani mwingine amemfuta yule mzee? Ni mimi peke yangu.

Kwa hiyo wewe, ukimpenda mpiga gitaa, mfute, ni heshima yake. Ila kitambaa mwachie hukohuko. Mimi namwaga ndoo asubuhi na jioni. Juzi Furaha kaniambia nikifa atakichukua yeye. Nilijivuna mchana kutwa, ndipo nikaogopa.