Mchunga Bila Hodi

Watu wakiniuliza habari ya mkono, huwajibu alhamdulillahi, unaendelea. Uongo mtupu. Mkono hauendelei popote. Tangu kiharusi kilipoupiga upande wangu wa kushoto, umekaa ubavuni kazi yake kubebwa, na mguu wa upande huohuo nauburuta mpaka mchangani unabaki mstari. Nayasema haya mapema ili asiyependa malalamiko aachie hapa.

Nyuma ya nyumba yangu, kusini kidogo ya Msambweni, nilikuwa na bustani. Haikuwa kubwa: matuta kumi na mawili ya bamia, biringanya, nyanya na mchicha, na kisima pembeni. Aliianza mama, nikaipokea mimi, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kununua mboga. Mwaka jana mvua za vuli zilipokwisha, mdogo wangu wa kiume alikuja akasimama ukingoni mwa matuta, mikono kiunoni.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba."

"Dada, sasa pumzika. Hapa tupande mivinje. Mvinje hautaki kupaliliwa. Ukishashika, wewe unakaa zako barazani unangoja kukata nguzo."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma. Angekuwa ananinyang'anya ningemtukana, yakaisha. Lakini alikuwa ananihurumia. Nami naijua mivinje. Ikishakua, chini yake ni miba yake mikavu tu, hata mchicha hauoti.

"Nipe kiangazi hiki kimoja," nikamwambia. "Masika yakinikuta bustani imegeuka kichaka, lete mivinje yako. Sitasema neno."

Akakubali upesi mno.

Kiangazi ndicho kinachoipima bustani. Kaskazi ikianza kuvuma, saa nne asubuhi mchanga unaunguza nyayo. Maji yaingie kabla jua halijapanda. Mashina yafunikwe majani makavu unyevu usitoroke, miche ya biringanya ijengewe kivuli cha makuti, nyanya zifungwe kwenye vijiti. Bamia nazo huchumwa kila baada ya siku moja. Ukizichelewesha zinakuwa nyuzi tupu. Zamani nilikuwa nayamaliza yote hayo na chai ikanikuta nimeshanawa.

Sasa ikabidi nitumie hila. Ndoo ya kisima hutaka mikono miwili, kwa hiyo nilivuta kamba kwa mkono mzima, nikaikanyaga kwa mguu mzima, nikavuta tena. Maji niliyabeba kwa dumu la lita tano, kila shina kopo moja, sina la pili. Kuchuchumaa nilishindwa kabisa, maana nikichuchumaa siinuki. Ndipo nikaikumbuka mbuzi yangu ya kukunia nazi. Ilikuwa imelala jikoni haina kazi, kwa sababu nazi haikunwi kwa mkono mmoja. Nikampa fundi aung'oe ule ulimi wa chuma, kigoda nikaenda nacho bustanini. Nikawa naketi, napalilia pale kijembe kinapofika, najisogeza, naketi tena.

Ilifaa, sikatai. Ila nilikuwa nikilifikia tuta la tatu, la kwanza limeshaota majani.

Na mengi katika majani hayo yalikuwa mchunga. Mgeni wa bara akiuona huung'oa akautupa, kwake ni gugu. Sisi twaula. Haupandwi, hujiotea wenyewe, wala hauna mwenyewe: ukiukuta kichakani au kwenye shamba lililoachwa, unachuma, unakwenda zako. Lakini ukiwa ndani ya bustani ya mtu, hata kama hakuupanda, unasimama nje unapiga hodi. Unangoja uitikiwe karibu, ndipo unaingia. Hodi hiyo anapigiwa aliyelima. Nimepigiwa hodi tangu ujana wangu, na siku nyingine ilinichosha, nikaitikia kwa kelele hukohuko jikoni bila kuinua kichwa kwenye chungu.

Zamani nilikuwa nauacha mchunga kidogo pembeni kwa ajili ya wachumaji, mwingine naung'oa. Kiangazi hicho ulinishinda. Ulijitandaza katikati ya bamia, ukanywa kopo kwa kopo maji niliyoyateka kwa tabu, ukanawiri kuliko kitu chochote nilichokipanda kwa mkono wangu. Nilikuwa namwagilia gugu.

Siku moja nikiwa dirishani, niliwaona wasichana wawili na kikapu wameinama kwenye tuta langu la nne. Sikusikia hodi. Nikajipa moyo kwamba ni wageni, hawajui desturi. Nilipofika mlangoni nikijiburuta, walikuwa wameshaondoka, na hapo akili ikanirudia: wageni hawali mchunga. Watoto wa kwetu hao, na desturi wanaijua vizuri sana.

Sikumwambia mtu. Kesho yake nilitoka mapema zaidi, nikapalilia mpaka bega likakataa. Nikawaza, wakiona mchanga umetifuliwa watajua pana mtu.

Mawingu ya kwanza yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa bahari. Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Nilikuwa nimeketi juu ya mbuzi yangu nyuma ya bamia zilizorefuka, nikasikia nyayo njiani. Nilizijua nyayo hizo. Ni mama mmoja jirani, mdogo kwangu, aliyekuwa akichuma mchunga hapa miaka nenda miaka rudi, na hodi yake ilikuwa ikisikika mpaka barabarani. Nikajiweka tayari kabisa, nimwitikie karibu vizuri, mdomo wangu usipinde.

Akaingia moja kwa moja. Akainama, akaanza kuchuma, huku akiimba kwa sauti ya chini.

Aliponiona aliruka.

"Mama! Shikamoo. Wallahi sikukuona. Nilidhani..."

"Ulidhani nini?"

"Nilidhani hapa hapalimwi tena."

"Napalilia," nikasema, nikainua kijembe aone.

Akatazama pale nilipopalilia. Palikuwa safi mahali pa ukubwa wa mswala, basi. Kwingine kote kulikuwa na majani tu. Akaona haya, na mimi nikaona haya kwa ajili yake. Halafu, kwa wema wake, akaugawa mchunga aliouchuma mafungu mawili, moja akalifunga kwa unyasi, akaniwekea mapajani.

"Chukua, mama, ukapike. Mungu akupe afya."

Amenipa sadaka. Mboga iliyoota kwenye tuta langu, kwa maji ya kisima changu, nimepewa kama mgonjwa aliyeletewa uji. Nilitaka kumrushia usoni. Nilisema ahsante.

Nikaenda kuupika. Mchunga huchemshwa, maji yake yakamwagwa, kisha hukamuliwa kwa viganja viwili mpaka maji ya kijani yaishe. Bila hivyo uchungu hautoki. Hospitali walinipa mpira wa sponji niuminye kila siku kwa mkono wa kushoto, nami niliuminya kwa miezi, asubuhi na jioni, sikuruka hata siku moja. Nikaweka bonge la mchunga katikati ya viganja, nikabana. Mkono wa kushoto ukafunguka wenyewe. Nikajaribu tena, na tena, nikajaribu kulibana juu ya meza. Yalitoka matone. Nikatia tui la pakiti, nikaacha.

Ijumaa mdogo wangu hupita kwangu kula, akitoka msikitini. Nikampakulia wali na mchunga. Akatia tonge mdomoni, akatafuna taratibu, akanitazama.

"Dada, mboga chungu hii. Hukuikamua?"

"Sikuweza."

Akataka kusema pole, nikamwona anavyoitafuta. Masika yalikuwa hayajafika, siku nilizomwomba zilikuwa bado zipo, na yeye asingenikumbusha ahadi.

"Lete mivinje yako," nikamwambia.

Aliinamia sahani, akaula mchunga wote vilevile ulivyokuwa, mpaka ukaisha.