Mshale Uliolala Kila Alipokaa

Kama unataka visa vya mwanamke mrembo mwenye kwato za punda, nenda vijiweni, huko havikatiki. Changu hakina mwanamke wala kwato, na wala hakikutokea usiku. Kilinikuta mchana, jua linawaka, kwenye barabara ya lami inayotoka Kilindoni kwenda Utende, hapa hapa Mafia, nami nina akili zangu zote. Ni kweli tupu. Usipoamini, shauri yako. Sikubembelezi.

Mimi ni fundi wa magari. Mtu wa kwanza kumjua ni Masudi, mwenye gari. Masudi alikaa bara miaka mingi, akapata hela, akarudi kisiwani. Na alirudi na nini? Angerudi na pikapu ya kubebea nazi ningemheshimu. Yeye kaja na gari la spoti la zamani, jekundu, la milango miwili, tumbo lake linakwaruza chini likipita juu ya kifuu. Sasa niambie, gari kama lile Mafia utaenda nalo wapi? Ndagoni, kwenye mchanga? Baleni, mihogoni? Barabara ya kulistahimili ni hiyo ya Utende tu, na Masudi akawa anaenda nalo na kurudi kutwa, kiwiko nje ya dirisha, apate kuonekana.

Siku lilipoanza kumsumbua akanipigia simu, sauti imempanda kama anayefiwa. "Fundi! Geji ya oili inalala! Gari linakufa!"

Kwa asiyejua, geji ya oili ni ile saa ndogo kwenye dashibodi inayoonyesha presha ya oili ndani ya injini. Mshale ukisimama, oili inazunguka. Ukilala kwenye sifuri, chuma kinasaga chuma, na injini hiyo utaiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kwa hiyo kuuogopa mshale ule si ujinga. Ujinga ni alichofanya baadaye. Aliona sifuri akamimina oili, akaona sifuri tena akaongeza, mpaka ikafurika kama sufuria ya maharage. Halafu akaingia mtandaoni, akaambiwa na mjinga mwenzake kwamba pampu imekufa, akaniletea gari anataka niipasue injini nzima.

Sikupasua kitu. Nilipunguza oili mpaka kwenye alama. Nikafungua sensa, kile kifaa cha kwenye injini kinachoipelekea geji habari ya presha, nikakuta chumvi ya bahari imeila. Waya wake wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, nao ulikuwa umeoza, ukiugusa unabaki unga vidoleni. Nikaweka sensa mpya na waya mpya, mshale ukasimama.

Lakini mimi siamini saa zinazotegemea waya. Nina geji yangu ya mkono isiyotumia umeme, yenye mpira mrefu unaofungwa kwenye injini yenyewe. Nikaifunga sambamba na ile sensa, mpira nikaupitishia dirishani, geji nikaiweka juu ya dashibodi mbele ya macho yangu. Zote mbili zikasema neno moja. Kilichobaki kilikuwa kulijaribu gari njiani na kumpelekea mwenyewe kwake Utende.

"Usitoke peke yako," Masudi akaniambia kwenye simu. "Namtuma shemeji yangu apande na wewe. Mafundi nawajua, mnabadilisha vifaa njiani."

Yaani mtu aliyejaza oili kama anajaza mtungi ndiye wa kunilinda mimi! Nikangoja.

Baada ya sala ya alasiri akaja mtu. Mwembamba, makamo yangu hivi, kanzu safi imepigwa pasi, mikono mirefu imefungwa vifungo. Nikamtolea salamu, hakuitika. Nikasema moyoni, haya, ukoo mmoja, majivuno mamoja.

"Wewe ndiye shemeji wa Masudi?"

"Nakwenda Utende," akajibu.

"Basi panda. Ukiona nimeiba taa, piga kelele."

Hakucheka. Akapanda.

Tulipoupita uwanja wa ndege nikatupa jicho kwenye dashibodi. Mshale umelala. Sifuri! Nikatazama geji yangu ya mkono: imesimama palepale, haitikisiki. Maana yake injini ni nzima, saa ya gari ndiyo inayosema uongo. Nikawaza waya mpya umelegea. Nikasimama kando, chini ya mikorosho, injini nikaiacha inanguruma, nikafungua boneti. Waya uko imara. Nikauvuta, nikaukaza, nikafunga boneti, nikarudi. Bado sifuri.

"Shuka kidogo nitazame chini ya kiti chako," nikamwambia.

Akashuka. Mshale ukapanda.

Nikafurahi, usinicheke. Nikajua nimeupata ubovu: kuna waya unabanwa na uzito wa mtu. Nikamwambia panda. Mshale ukalala. Shuka. Ukapanda. Panda. Ukalala tena. Naye alikuwa akipanda na kushuka bila kunung'unika, kama mtu aliyezoea kutumwa, na mimi nikazidi kumdharau kwa hilo. Nikaling'oa zulia lote la upande wake. Chini ya kiti hapakuwa na waya hata mmoja. Nikakaa mimi mwenyewe kwenye kile kiti, na mimi ni mzito kuliko yeye. Mshale haukutikisika. Nikaruka juu na chini kama mtoto. Wapi!

Hapo, wallahi, nikaanza kuhesabu kwa vidole. Fundi kazi yake ni kuondoa kimoja kimoja mpaka kibaki kilicho kibovu. Nilikuwa nimeshaondoa sensa, waya, kiti, na uzito. Kimebaki nini?

Nikageuka. Alikuwa amesimama mlangoni, ameinama kunitazama, na nadhani ndipo nilipomtazama usoni kwa mara ya kwanza. Uso wa kawaida tu. Ungempita sokoni usingegeuka.

"Geji haina ubovu, fundi," akasema taratibu. "Inanipima mimi."

Akafungua kifungo cha mkono wa kanzu, akanyoosha mkono. "Nishike hapa."

Utaniuliza, kwa nini nilimshika? Kwa dharau, si kwa kingine. Nilitaka nimwonyeshe kwamba upuuzi wake hauniingii. Nikaweka vidole vitatu pale ambapo daktari huweka. Umewahi kushika injini iliyolala nje usiku wa mvua? Ndivyo alivyokuwa. Ngozi ya mtu kabisa, na chini yake hakuna kinachopiga. Nikabonyeza zaidi. Hakuna.

Na geji yangu ya mkono, ile isiyotumia waya, ile isiyodanganyika, ikaanza kushuka.

Nikaisikia injini ikibadilika sauti, vyuma vinaanza kugongana. Nikausikia na moyo wangu kifuani: pigo moja, kimya, pigo jingine kwa mbali. Nikataka kuachia, vidole havikutaka. Yeye hakunishika, naapa, hakunishika. Mimi ndiye niliyemshika. Nikaanza Ayatul Kursi, ulimi mzito kama nimekula shubiri, sijui nilifika wapi. Ndipo mkono ukabanduka. Nikajitupa kwenye kiti cha dereva, nikaondoa gari mlango wa upande wa pili ukipigapiga. Mishale yote miwili ikapanda kwa pamoja. Nilipotazama kwenye kioo, hakuwa ananifuata. Alikuwa amesimama chini ya mikorosho, mkono bado ameunyoosha, kama mgonjwa anayemngoja daktari amalize kupima.

Nilipofika Utende, Masudi alikuwa barazani. Pembeni yake amekaa jitu nene, shati wazi, linatafuna embe.

"Mlango wa gari langu umeufanya nini?" Masudi akanirukia.

"Shemeji yako ni yupi?"

"Si huyu! Kapitiwa na usingizi, hakuja. Kwani vipi?"

Lile jitu likanitabasamia na embe mdomoni. Nikakaa chini barazani, nikaomba maji, nikawaeleza yote kama ninavyokueleza wewe. Masudi akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema fundi akishindwa na waya husingizia mashetani. Kesho yake Kilindoni nzima ilikuwa inayo habari, na mpaka leo wapo wanaonipita gereji wanauliza kama nimepima presha ya jini. Wacheke. Ni watu ambao hawajui hata oili inaingilia wapi.

Lakini vidole vitatu vya mkono wangu wa kulia havijarudi. Vinakunja, vinashika spana, ila joto havilijui tena. Mara ngapi nimeviegemeza kwenye ekzosi ya moto nikatambua kwa harufu ya nyama yangu mwenyewe! Daktari wa hospitali alivichoma sindano, akavitazama, akasema mishipa iko sawa. Sikumweleza. Angeelewa nini? Mke wangu hunionjea uji wa mtoto kwanza, maana mimi siwezi kujua kama unaunguza.

Na Masudi? Bado anapita barabara ileile na kiwiko chake nje, geji niliyomtengenezea inamfanyia kazi vizuri, na sasa kapata tabia mpya: anampa lifti kila anayeinua mkono, apate wa kumsimulia gari. Nimemwonya mara nyingi. Ananijibu kwa honi.

Wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, labda una akili kuliko yeye. Ukimpakia mtu usiyemjua, kabla hujaondoa gari tupa jicho kwenye geji ya oili. Ukiona mshale umelala alipokaa, usihangaike na waya. Usimuulize lolote. Mteremshe kwa adabu, na akinyoosha mkono, weka wako kwenye usukani.