Chuma Ndani ya Bomba

Merepeka Tautari alikuwa mwanamke wa hasira, na asikudanganye mtu kwamba baridi ya Antaktika ndiyo iliyomharibu. Hasira alizaliwa nazo kijijini kwao Waitoka, akazikuza kwenye visima vya maji alivyochimba na mjomba wake, akazibeba mpaka kwenye barafu. Marehemu mumewe alikuwa akisema, mke wangu akikusalimia kwa upole, jua anaumwa.

Lakini kazi aliijua, ndiyo maana akapewa zamu ya mchana aiongoze. Kambi ilikaa juu ya barafu inayoelea baharini, nene kuliko urefu wa mnara wowote wa Auckland. Waliitoboa kwa maji ya moto, wakashusha bomba mpaka sakafu ya bahari, kisha wakaanza kupandisha tope la kale, mrija baada ya mrija, kila mmoja ukivutwa juu ndani ya bomba kwa waya wa winchi. Lile la chini kabisa ndilo lililotakiwa. Hilo lingesema kama zamani, dunia ilipopata joto kama hili linalotujia, barafu hii ilibaki au iliyeyuka yote na bahari ikapanda.

Merepeka alilitaka tope hilo kuliko mshahara. Kule Waitoka bahari imeshakula uzio wa makaburi. Ukoo umegawanyika: wengine wanataka wafu wahamishiwe mlimani, wengine wanasema kumfukua babu yako kwa hofu tu ni kumtukana. Shangazi Hinewai, ambaye neno lake ndilo la mwisho, aliwaambia wangoje watakacholeta wachimbaji. Na mume wa Merepeka kalazwa safu ya mbele, upande wa maji.

Sasa, wachimbaji wana sheria yao. Ukidondosha kitu ndani ya bomba, useme palepale, na hakuna ruhusa ya kukugombeza. Kikisemwa mapema, kinashushiwa sumaku, kinatoka, watu wanakunywa chai.

Siku moja, tope la chini kabisa likiwa karibu kufikiwa, mrija uligoma kupanda. Waya ulivutwa, winchi ikalia, mrija ukasogea kidogo ukakwama tena.

"Pengine tuache kidogo," alisema Colin, mdogo wa marehemu mumewe, aliyeshika winchi.

"Tuache tufanye nini, tuuimbie? Vuta, shemeji."

Colin akavuta. Mchana kutwa walivuta na kulegeza, na kila walivyovuta ndivyo mrija ulivyozidi kubana, mpaka waya ukakatika. Huku juu, tundu kwenye barafu lilikuwa linaanza kuziba. Ikabidi wang'oe bomba lote haraka lisije likagandia humo, na tope la chini wakaliacha hukohuko.

Walipofungua vipande vya bomba wakakuta pini ya chuma imejibana kati ya mrija na bomba. Kila mchimbaji hupaka vyuma vyake rangi yake. Pini ilikuwa ya buluu, na buluu ni ya Colin.

"Ulijua?" Merepeka akauliza.

"Nilijua. Ilinitoka mkononi asubuhi."

"Asubuhi! Kutwa nzima unanitazama nikikuamrisha uvute, na wewe unajua! Mshenzi mkubwa. Kaka yako maji yanamfikia miguuni, na wewe umefumba mdomo kama chaza. Huna haya? Huna hata haya?"

Watu wakatazama chini. Colin akavua glavu zake polepole.

"Desmond alisema," akajibu.

"Desmond ametokea wapi hapa?"

"Mwaka jana alidondosha nati, akasema palepale. Nati ikatoka hata chai haijachemka. Wewe ukamtukana wiki nzima, ukamfukuza kwenye meza ya chakula, mpaka akaomba ndege arudi kwao. Sheria uliiua wewe, shemeji. Mimi nilikuogopa."

Hasira Merepeka alikuwa nazo bado, tena tele. Alitamani kumpiga. Lakini aliondoka, akaenda kwenye hema la simu, akapiga Waitoka.

"Enhe, mwanangu," alisema Shangazi Hinewai. "Tuwahamishe au tuwaache?"

"Hatujui, shangazi. Hatukufika chini. Mafuta yamekwisha, na ndege zinakuja kutuondoa."

"Lo. Nani kaharibu?"

Nje ya hema Colin alikuwa akikung'uta theluji kwenye viatu, na alikuwa akisikia. Jina lake lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wa Merepeka.

"Mimi," akasema.

"Basi utakuja kuwaambia ukoo wewe mwenyewe," akasema Shangazi. "Na utasimama kando ya kaburi la mumeo ukiwaambia."