Vitenzi vya Salum

Harufu ya makoti yaliyolowa mvua, yakikaushwa juu ya hita huku Mama anakaanga sambusa, ndiyo Jumapili yangu ya Stratford, ughaibuni, miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Wageni wa Baba, watu wa kwetu Unguja, wakishamaliza kula, ilikuwa lazima mtoto asimame mbele yao aonyeshe alichojifunza wiki ile. Na mtoto huyo kila mara alikuwa Salum, mtoto wa ami yangu, aliyekuwa akiishi nasi. Anamwaga vitenzi vya Kihispania vya shuleni, comer, beber, vivir, wageni wanasema mashaallah, Baba anampapasa kichwa. Mimi nakusanya sahani. Nilimwonea wivu.

Basi nikaliiba daftari lake. Siwafichi, nilitaka kulitupa. Lakini nilipolifungua nikakuta Salum ameandika maana kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza: comer, kula, dormir, kulala, barrer, kufagia. Somo lililonishinda mwaka mzima nikalielewa kwa dakika tano. Kitenzi ambacho bado hakijapewa mtu wala wakati, sisi tunakitia ku- mwanzoni, wao wanakimalizia kwa -ar, -er au -ir. Ukitaka kitu, tanguliza quiero, kitenzi kiache kilivyo: quiero comer, nataka kula. Wiki nzima nikameza kurasa. Kichwa changu chepesi, najisifu na sioni haya.

Jumapili nikajitokeza kabla Salum hajaitwa. Nikamwaga vitenzi sitini, na sentensi juu yake.

“We! Umeyatoa wapi haya?” Baba akauliza.

Salum, aliyekuwa amelitafuta daftari mpaka chini ya vitanda, akanitazama, akaelewa.

“Nilimwazima daftari langu, ami.”

“Ahaa! Basi umemsomesha vizuri, mwanangu.” Mkono wa Baba ukaenda kichwani kwa Salum.

Shule niliiacha mapema. Leo nina kampuni yangu ya usafi, wafanyakazi wengi Wakolombia, na kila asubuhi nawapanga kwa vitenzi vile vile, barrer, limpiar, kazi inakwenda. Salum ni mwalimu Thornton Heath, anapanda basi. Baba amezeeka, anaishi kwangu, katika nyumba niliyoinunua kwa jasho langu. Mgeni akinisikia nikisema Kihispania kwenye simu, Baba humwambia kwa fahari, “Salum ndiye aliyemsomesha.” Mgeni hutamani kumjua huyo Salum. Nami, mwenye nyumba, ndiye ninayetumwa kumpigia.